Mizabibu ya Ufaransa na Mdudu wa Mizizini

Kilimo cha mizabibu ni cha kale sana katika nchi ya Ufaransa. Wayunani walioujenga mji wa Marseille, yapata miaka 600 kabla ya Kristo, ndio walioipanda mizabibu ya kwanza katika pwani ile. Tangu zama hizo mkulima alirithi shamba na maarifa kutoka kwa baba yake, na kila wilaya ikajivunia divai yake kana kwamba ladha ile ilizaliwa na udongo wenyewe. Katikati ya karne ya 19 hapakuwa na aliyedhani kuwa urithi huo waweza kupotea katika umri wa mtu mmoja.

Mwaka 1863, katika kijiji cha Pujaut karibu na mto Rhône, wakulima waliona jambo geni. Majani ya mizabibu yaligeuka rangi kabla ya majira yake, yakakauka na kupukutika; zabibu zikakataa kuiva; na baada ya miaka michache shina likafa. Ugonjwa ulienea kwa duara, mfano wa tone la mafuta lililoangukia nguo. Waliong'oa shina lililokufa walikuta mizizi imeoza na kuwa nyeusi, wala hawakuona chochote juu yake. Wengine walisema ni baridi, wengine kwamba ardhi imechoka, na wengine kwamba ni adhabu ya Mungu.

Mwezi wa Julai 1868 chama cha wakulima cha jimbo la Hérault kilituma watu watatu kwenda kuchunguza. Jules-Émile Planchon alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea huko Montpellier. Gaston Bazille alikuwa mwenye mashamba ya mizabibu. Na Félix Sahut alikuwa mstadi wa kukuza miche. Elimu ya chuo na ujuzi wa jembe vilikwenda safari moja. Siku ya tarehe 15, karibu na Saint-Rémy, waliacha mashina yaliyokufa, wakachimbua mzabibu uliokuwa bado hai ila umeanza kudhoofika. Hapo wakawaona: vidukari wa rangi ya manjano, wadogo hata jicho huwaona kwa taabu, wamejazana juu ya mizizi wakifyonza utomvu. Ikafahamika kwa nini wakulima hawakuona kitu: mzizi ukiisha kufa, mdudu huhamia ulio hai. Planchon akamwita mdudu huyo Phylloxera vastatrix, yaani mwenye kuangamiza.

Walakini wataalamu wengi wa Paris hawakukubali. Wao walishika kwamba mdudu ni matokeo ya ugonjwa, wala si sababu yake. Mzabibu huugua kwanza, kisha wadudu huja. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka, na mashamba yakazidi kufa. Mwaka 1874 serikali ilipandisha zawadi ya mwenye kupata dawa kutoka faranga 20,000 hadi 300,000. Mapendekezo yakamiminika. Katika shamba la majaribio la Las Sorres, karibu na Montpellier, dawa kwa mamia zilijaribiwa, hata mkojo wa mifugo. Karibu zote hazikufaa kitu.

Wakati huohuo waliofanya kazi shambani walikuwa na habari zao, na mwenye kuwasikiliza alifaidika. Wakulima wa kando ya bahari, karibu na Aigues-Mortes, walijua kwamba mizabibu iliyopandwa mchangani haifi. Louis Faucon wa Graveson aligundua kwamba shamba likifunikwa kwa maji wakati wa baridi kwa zaidi ya mwezi mmoja, mdudu huangamia. Lakini si kila mtu ana mchanga au mto. Matajiri walipiga ardhini dawa kali itokanayo na salfa na kaboni, wakalazimika kurudia tena na tena. Maskini hawakuiweza bei yake.

Njia nyingine ilitajwa katika mkutano wa Beaune mwaka 1869. Léo Laliman wa Bordeaux alisema kwamba baadhi ya mizabibu yake iliyotoka Marekani inastawi katikati ya iliyokufa. Jambo hili lilikuwa chungu, kwa sababu mdudu mwenyewe alitoka Marekani pamoja na miche ya namna hiyohiyo. Planchon alivuka bahari mwaka 1873, akashauriana na Charles Riley wa Missouri, akathibitisha kwamba mizabibu ya huko imezoea kuishi na adui huyo. Dawa ya moto ikawa moto: tawi la mzabibu wa Kifaransa libebeshwe juu ya shina la Kimarekani, mizizi iwe ya mgeni na tunda libaki la mwenyeji.

Wakulima wengi waliogopa kwamba divai itachukua ladha ya mgeni, na hofu yao haikuwa upuuzi, kwani divai ya zabibu za Kimarekani ilikuwa na harufu wasiyoipenda. Huko Burgundy miche hiyo ilikatazwa hata mwaka 1887. Lakini njaa ilifundisha. Divai ya Ufaransa, iliyofikia hektolita milioni 84 hivi mwaka 1875, ilishuka hadi milioni 23 mwaka 1889. Jamaa nyingi ziliacha mashamba, na baadhi yao zikahamia Algeria.

Hata mashina hayo hayakufaa kila mahali. Katika ardhi ya chokaa ya Cognac yalinyauka, mpaka Pierre Viala alipokwenda Marekani mwaka 1887, na Thomas Munson wa Texas akamwelekeza kwenye mizabibu inayomea katika chokaa ya nchi yake.

Ile zawadi ya faranga 300,000 haikutolewa kwa mtu yeyote. Laliman aliidai, akajibiwa kwamba hakumponya mzabibu bali alizuia ugonjwa tu. Labda ni haki kwamba haikutolewa, kwa kuwa ushindi ule haukuwa wa mtu mmoja. Hata leo mdudu hajapatiwa dawa ya kumkomesha, na sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama juu ya mizizi ya Kimarekani. Anayejivunia udongo wa mababu zake katika divai anyway husema kweli. Ila kati ya udongo huo na tunda lake amesimama mgeni, aliyekaribishwa kwa machozi.