Nobosodru, mama wa Kimangbetu mwenye sura iliyochongwa kila pahali

Wengi hapa Bukavu wanaijua sura hii bila kujua jina lake: kichwa cha mwanamke kinachoonekana kwa upande, kirefu kuelekea nyuma, na nywele zilizofunguka juu kama kikapu. Inachongwa kwenye mti, kwenye pembe, hata kwenye bati la shaba. Wauzaji wanasema tu «mwanamke wa Mangbetu».

Wamangbetu wanakaa upande wa Uele, kaskazini-mashariki mwa inchi yetu. Kwao kichwa kirefu kilikuwa alama ya ukoo mkubwa. Mtoto mchanga alifungwa kamba kichwani wakati mifupa ingali laini, na desturi hiyo, inayoitwa lipombo, iliendelea mpaka miaka ya 1950 hivi. Kisha nywele: kuzisuka kulichukua saa nyingi na kulihitaji mikono ya watu wengine. Mama wa shamba hangepata nafasi hiyo. Kwa hiyo anayeangalia mchongo anaangalia utajiri, hata kama hakuna dhahabu.

Sura iliyozunguka dunia zaidi ni ya Nobosodru, bibi wa Ekibondo, mkubwa wa Wamangbetu (kwetu Kivu tungesema Mwami). Msafara wa magari ya Citroën, uliovuka Afrika mwaka 1924 na 1925 chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, ulimpiga picha. Mchoraji Alexandre Iacovleff naye alikuwa safarini. Filamu ya msafara ilitoka mwaka 1926, na huko Ufaransa François Bazin akatengeneza kichwa chake cha chuma cha kuwekwa mbele ya gari, juu ya radiata. Bibi wa mwami akawa pambo la motokari!

Lakini mafundi wa Uele walikuwa wamechonga vichwa vya namna hii kabla ya Citroën kufika: kwenye vinubi, mitungi ya udongo na visanduku vya maganda ya mti. Herbert Lang na James Chapin walikusanya vitu vingi huko kati ya 1909 na 1915, na viko New York mpaka leo. Vingine viko Tervuren, Ubelgiji. Jina la Bazin limeandikwa. Kwenye vinubi vingi, pa jina la fundi pameandikwa «Mangbetu» tu, kana kwamba kabila zima lilishika kisu kimoja.