Jando la Masasi

Kila mzazi mwenye mtoto wa miaka 10 au 12 ayajua mashaka yake. Mtoto si mdogo tena, wala hajawa mtu mzima. Na maneno yampasayo kuyajua ndiyo baba aonayo haya kuyatamka.

Huko Masasi, kusini mwa Tanzania, wazee wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde walikwisha amua zamani kwamba kazi hiyo si ya baba wala mama. Mavuno yakiisha, wavulana walipelekwa kumbini porini, wakatahiriwa, wakakaa huko mpaka vidonda vyao vimepona. Nao waliowafunza ni wazee wengine. Kijana alirudi na jina jipya, na mzazi akampokea kama mtu mwingine.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani, na misioni ya UMCA ikaanza. Wamisionari wengi walilichukia jando kwa ajili ya matambiko na nyimbo zake. Basi mzazi Mkristo akawa njia panda: akimpeleka mwanawe kumbini, amelikosea kanisa, akimzuia, mtoto huchekwa na rika lake, wala haitwi mtu mzima hata akiota ndevu.

Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, ndiye asifiwaye kwa kuitafuta njia ya tatu. Sisi twaona si haki kumpa sifa zote peke yake, kwani mapadre Waafrika na wazee wa Kikristo walishiriki pakubwa, na watoto waliokuwa wakingoja walikuwa wa kwao. Kumbi likabaki, na kutahiri, na mafunzo ya wazee. Lakini sala zikawekwa mahali pa matambiko, nyimbo za matusi zikaondolewa, na wavulana wakitoka porini walikwenda kanisani kushukuru.

Kwa wasichana jambo lilikuwa gumu zaidi. Mafunzo ya unyago yalikuwa siri ya wanawake, na makungwi hawakupenda kuyafunua mbele ya mapadre, ambao wote walikuwa wanaume. Nasi hatuwalaumu. Lakini mama Mkristo, ambaye naye kwa desturi hakuweza kumfunda bintiye mwenyewe, alibaki na swali lake: amkabidhi kwa mwanamke gani, na huyo atamwambia nini.