Moto Unaotoka kwenye Bomba la Moshi: Ulianzia Wapi, na Je, Ni Halali?

Huku kwetu Gitambi magari tuliyozoea kuyaona ni malori, mabasi madogo na pikipiki za abiria. Gari linalotema moto kwa nyuma tunaliona kwenye simu tu. Hata hivyo vijana wengi wanaamini kwamba mwali ule ni alama ya nguvu ya injini. Katika insha hii nitaonyesha kwamba historia yake inasema kinyume.

Petroli huhitaji hewa ya kutosha ili iungue yote ndani ya silinda. Petroli ikizidi, au cheche ya plagi ikichelewa, sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua. Yakikuta bomba lenye joto kali na hewa kidogo, huwaka humo humo bombani, na sisi tulio nje tunaona mwali na kusikia mlipuko. Kwa maneno mengine, ni mafuta yaliyolipiwa ambayo hayakulisukuma gari hata hatua moja.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, moto wa namna hii ulikuwa adui wa rubani. Ndege za Uingereza aina ya Hurricane ziliporuka usiku, mwanga wa mabomba ya moshi ulimpofusha rubani asione mbele, hivyo mafundi wakafunga vibati vya kumkinga macho. Ndege kubwa za mabomu, kama Lancaster, zilifunikwa mabomba yake ili adui asizione gizani. Mainjinia walikuwa wakiuficha moto, na mwenye kuuonyesha angeweza kulipa kwa maisha yake.

Moto ulipata kazi ya maana katika mashindano ya magari. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunayajua kupitia Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye magari ya mashindano yalitumia tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Tatizo lilikuwa hili: dereva akiondoa mguu kwenye mafuta ili akate kona, feni hupungua kasi, na akikanyaga tena gari huchelewa kuitikia. Miaka ya 1990 mafundi wa rali walitumia sana mbinu ya kuruhusu mafuta na hewa viwake ndani ya bomba, kabla ya kuifikia feni, ili isipunguze mwendo. Ulikuwa wakati wa magari kama Subaru Impreza, ambalo Colin McRae aliliendesha akashinda Safari mwaka 1997. Mwali uliotokea nyuma ulikuwa mabaki tu ya kazi hiyo. Nayo ilikuwa kazi ya gharama, kwa sababu joto lile huila feni upesi, na timu za mashindano zilikuwa na feni nyingine za kubadilisha.

Watazamaji walikumbuka mwali, wakasahau feni. Binamu yangu anajifunza ufundi katika gereji moja mjini Kamembe. Juzi mteja alimletea gari la kawaida, lisilo na tabo, akitaka sailensa ing'olewe na kompyuta ya injini ipangwe upya ili litoe moto. Binamu aliniuliza kama kuna sheria, maana fundi mkuu alimwachia yeye uamuzi, na fedha ya mteja ilikuwa nzuri.

Nilipotafuta, niligundua kwamba sheria za barabarani zilianza kwa kupigana na kelele. Madereva wa zamani walikuwa na kifaa cha kufungua bomba kabla ya sailensa ili wajisikie wana nguvu, na Uingereza ikakipiga marufuku mwaka 1912. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, ambao Rwanda imo tangu 1964, unataka kila gari linalovuka mipaka liwe na sailensa inayofanya kazi muda wote, ambayo dereva hawezi kuizima akiwa njiani. Moto hautajwi, lakini anayeng'oa sailensa ili aupate amekwisha kuvunja sharti hilo. Rwanda ina pia Sheria nambari 18/2016 inayolinda ubora wa hewa, na petroli isiyoungua ni miongoni mwa uchafu unaopimwa magari yanapokaguliwa. Kwenye uwanja wa mashindano, uliofungwa kwa watu wengine, mambo ni tofauti.

Nilimwambia binamu jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko faini. Mteja yule huvuka daraja la Ruzizi kwenda Bukavu mara kwa mara. Mjini kule wapo wauza mafuta wa kando ya barabara, wanaoitwa kadhafi, wenye petroli katika madumu na chupa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, kimo kile kile cha bomba la moshi la gari dogo, na petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mteja alirudishiwa gari likiwa na sailensa yake, akaondoka amekasirika, na malipo ya siku ile yalikuwa ya kubadilisha oili tu.