Intaferoni: Mbiu ya Seli

Intaferoni ni protini ndogo inayotolewa na seli iliyovamiwa na virusi ili kuzionya seli jirani zijikinge kabla hazijafikiwa. Haikiui kirusi wala haikikamati. Kazi yake ni kupeleka habari. Jambo hili hupotea mara nyingi neno linapofasiriwa, kwa sababu jina lenyewe limetokana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuingilia au kutatiza, na msomaji asiyeelezwa zaidi hudhani kwamba protini hii husimama mlangoni na kumkabili mvamizi kwa mikono yake.

Historia ya jina hilo ina mizizi Kenya. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiua wanakondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wakauita Homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilifika katika maabara za Uingereza, na mwaka 1937 Findlay na MacCallum wakaeleza jambo lililowashangaza: kima walioambukizwa virusi vya Bonde la Ufa walinusurika walipopewa pia virusi vya homa ya manjano, ambavyo kwa kawaida vingewaua. Virusi hivyo viwili havina udugu, kwa hiyo kinga ya kawaida, ile inayomkumbuka adui wa jana, haikuweza kuwa ndiyo sababu. Kirusi kimoja kilikuwa kimemtatiza mwenzake, na kutatizana huko ndiko kulikozaa jina.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1957, Alick Isaacs wa Uingereza na Jean Lindenmann wa Uswisi walikuwa wakifanya kazi Mill Hill, London. Walichukua utando wa yai la kuku, wakauweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, kisha wakachukua maji yaliyobaki na kuyatia kwenye utando mpya. Utando huo mpya nao ukakataa kuambukizwa. Ilimaanisha kwamba seli zilikuwa zimetema kitu ndani ya maji, na kitu hicho wakakiita intaferoni. Nagano na Kojima wa Japani walikuwa wamekaribia ugunduzi huohuo mwaka 1954 kwa kutumia sungura, na haki inadai watajwe.

Namna habari inavyosafiri imefahamika kidogokidogo tangu hapo. Ndani ya seli mna vitambuzi, na kimojawapo, RIG-I, huishika RNA ya kirusi kwa kuitambua ncha yake, ambayo haifanani na ncha za RNA za seli yenyewe. RIG-I huigusa MAVS, protini iliyopachikwa kwenye utando wa nje wa mitokondria. MAVS huamsha vimeng'enya vinavyobandika fosfeti juu ya protini nyingine, IRF3, nayo ikishabandikwa huingia katika kiini cha seli na kuiamsha jeni ya intaferoni beta. Protini ikatengenezwa, ikatoka nje.

Seli jirani huipokea kwa kipokezi chenye sehemu mbili, IFNAR1 na IFNAR2. Intaferoni ikikaa kati ya sehemu hizo, huzivuta zikaribiane, na upande wa ndani vimeng'enya JAK1 na TYK2 huamka na kuwapa fosfeti wajumbe wawili, STAT1 na STAT2. Wajumbe hao huungana na IRF9, huingia katika kiini, na mamia ya jeni huanza kufanya kazi kwa pamoja. Baadhi ya protini zinazotokana na jeni hizo hukatakata RNA. Nyingine, PKR, ikikutana na RNA ya kirusi husimamisha utengenezaji wa protini katika seli nzima. Kirusi kikiingia hapo hukuta karakana imefungwa na mafundi wameondoka. Seli hupata hasara, kwa sababu na yenyewe inazihitaji protini hizo, lakini ni hasara inayookoa kiungo kizima.

Kitu kinachofanya kazi ya namna hii kina jina katika Kiswahili tangu zamani: mbiu. Ni pembe la mnyama lililopulizwa ili watu wajue kuna tangazo, na methali ya mbiu ya mgambo, kwamba ikilia kuna jambo, inajulikana na kila aliyesoma shule ya msingi Afrika Mashariki. Anayepuliza pembe hawezi kushika mkuki kwa mikono hiyohiyo. Huamsha wenye mikuki. Hivyo ndivyo intaferoni ilivyo, na kwa hiyo maelezo kama "protini ya mbiu" humfikisha msomaji kwenye ukweli haraka kuliko tafsiri za "kizuiavirusi" au "kingavirusi", ambazo huhamisha kosa la jina la Kiingereza na kulipa makao mapya. Kingavirusi, isitoshe, huweza kuchanganywa na dawa za virusi, ambazo ni kitu kingine kabisa.

Hata hivyo mbiu isiwe istilahi yenyewe. Seli zina protini nyingi za kupashana habari, familia nzima iitwayo saitokini, na kila mojawapo ingeweza kudai jina hilo. Tena pembe la mgambo husikiwa na yeyote aliye karibu, ilhali intaferoni husikiwa na seli yenye kipokezi chake tu. Karibu kila seli ya mwili yenye kiini inacho kipokezi cha intaferoni alfa na beta. Kile cha intaferoni lamda, zilizotambuliwa mwaka 2003, kimejikita zaidi katika seli za ngozi laini za ndani, kama zile za njia ya hewa na utumbo. Mbiu ifafanue, na intaferoni iwe jina.

Kuhusu tahajia, wapo wanaoandika "interferoni" ili neno lifanane na lile la kwenye chupa za dawa. Kiswahili chenyewe kimekwisha kuonyesha njia nyingine. Neno la Kiarabu lenye r na f zilizogusana, harf, liliingia likawa herufi, kwa kuwa ulimi wa Mswahili hutafuta irabu katikati; na intaneti iliiacha r ya asili bila kumpotosha mtu. Intaferoni hufuata mkondo huo. Neno huingia ngeli ya i-/zi- pamoja na protini na homoni: intaferoni hii imetolewa, intaferoni hizi zimetolewa. Aina zake huandikwa kwa jina la herufi ya Kigiriki baada ya neno: intaferoni alfa, intaferoni beta, intaferoni gama.

Mbiu ikilia bila kunyamaza, inakuwa ugonjwa. Katika ugonjwa wa Aicardi-Goutières, wa kurithi, seli za mtoto huzichukulia asidi za kiini za mwili wenyewe kuwa za mvamizi, na intaferoni humwagika hadi ubongo ukaumia. Wagonjwa wengi wa lupasi nao wana jeni za intaferoni zilizoamka kupita kiasi, na mwaka 2021 Marekani iliidhinisha kwa ajili yao anifrolumab, dawa inayoziba kipokezi. Kwa upande mwingine, intaferoni alfa yenyewe imetumiwa kwa miaka mingi kama dawa ya homa ya ini ya virusi B na C. Homa na maumivu ya mwili yanayowapata waliodungwa sindano hiyo hufanana na mafua, kwa kuwa sehemu kubwa ya taabu ya mafua huletwa na mwili wenyewe unapotoa tahadhari.

Katika kaunti ya Garissa tatizo limekuwa la kinyume: mbiu isiyolia. Homa ya Bonde la Ufa ilishuka kutoka nyanda za Naivasha hadi mbuga kavu za kaskazini mashariki, na wafugaji wa Kisomali wakaipa jina walilolitoa kwenye dalili waliyoiona kwa mifugo, sandik, yaani pua itokayo damu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mlipuko ambao watafiti walikadiria kuwa uliwaambukiza watu 27,500 katika wilaya ya Garissa peke yake. Mwishoni mwa 2006 mafuriko yalirudi. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, yanayoweza kukaa miaka katika udongo mkavu yakiwa tayari na virusi ndani yake, yalianguliwa katika mabwawa, na wagonjwa wa kwanza wakapatikana Garissa. Kuanzia tarehe 30 Novemba 2006 hadi 12 Machi 2007 Kenya iliorodhesha wagonjwa 684, na 155 kati yao wakafariki. Masoko ya mifugo yalifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku. Kwa wakazi wa mji wa Garissa, wa Iftin na mitaa mingine, kufungwa kwa soko la mifugo kulikuwa msiba wa pili juu ya ule wa wagonjwa.

Watu wengi walioambukizwa hupona baada ya homa ya siku chache. Wachache huharibikiwa ini na kutokwa damu, au hupoteza uwezo wa kuona. Sehemu ya maelezo imo katika protini ya kirusi iitwayo NSs. Kirusi hiki huzaliana nje ya kiini cha seli, ila NSs huingia ndani ya kiini na kujisokota nyuzi ndefu zinazoonekana kwa hadubini. Humo huibana p44, kipande cha mtambo wa TFIIH unaohitajika kunakili jeni. Kwa kushikamana na SAP30 huifunga jeni ya intaferoni beta. Na PKR huipeleka kuharibiwa. RIG-I imemwona mvamizi na IRF3 imeshaingia kiinini, lakini pembe limezibwa mdomo. Seli za ini, zenye kwa wingi Lrp1, protini ambayo utafiti wa 2021 ulionyesha kuwa ndiyo kirusi hushika ili kuingia, hazipati onyo kwa wakati.

Tofauti kati ya mgonjwa na mgonjwa huenda pia iko katika jeni zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha zaidi ya watu elfu moja wa kaskazini mashariki mwa Kenya, uliona uhusiano kati ya ukali wa dalili na mabadiliko madogo katika jeni za njia hii ya tahadhari, RIG-I na MAVS zikiwemo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka kwa kirusi kilemavu. Kloni 13, iliyopatikana kutoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliyepona, imepoteza takriban asilimia 70 ya jeni ya NSs. Panya wa kawaida waliodungwa kirusi hicho hawakufa. Panya waliofanywa wakose kipokezi cha intaferoni walikufa. Kirusi kilikuwa kilekile, na kilichowatofautisha panya ni masikio ya seli zao.

Afrika Kusini iliisajili Kloni 13 kuwa chanjo ya mifugo mwaka 2010, na imefanyiwa majaribio kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi wa Kenya. Mfugaji anayeambiwa kwamba mbuzi wake watadungwa virusi hai ana haki ya kuuliza kwa nini wasife. Jibu ni kwamba kirusi hiki hakiwezi tena kuziba pembe: mbiu hulia tangu saa za kwanza, na mwili huwa umejikusanya kabla hakijaenea. Kwa wanyama wenye mimba jibu hilo halitoshi. Utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa Kloni 13, ikitolewa kwa kiwango kikubwa mwanzoni mwa mimba, inaweza kuvuka kondo la nyuma la kondoo na kumdhuru mwana aliye tumboni.