Hadithi za Mashabiki na Jicho la Pili

Wako watungaji ambao huazima watu waliobuniwa na mtungaji mwingine, wakaendeleza maisha yao kwa mapenzi tu, bila ya kutaraji ujira. Kazi zao huitwa hadithi za mashabiki. Baadhi yao hutanguliza maneno machache ya kumjulisha msomaji kwamba hadithi haikupitiwa na mhariri. Je, tangazo hilo ni wajibu, au ni udhuru wa mvivu? Historia yaweza kutusaidia kuamua.

Mnamo Septemba 1967, mwaka mmoja baada ya mchezo wa Star Trek kuanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani, mashabiki wake walitoa jarida lililoitwa Spockanalia. Lilipigwa chapa kwa mashine ya kurudufia, wala halikuwa na tajiri nyuma yake. Lakini lilikuwa na wahariri. Karatasi, wino na stempu vyote vilikuwa na gharama, kwa hiyo hadithi ilipita mbele ya jicho la pili kabla ya kumfikia msomaji, na jina la mhariri lilikuwa dhamana yake.

Intaneti ilipokuja, gharama ile iliondoka na mhariri akaondoka nayo. FanFiction.Net ilifunguliwa mwaka 1998, na Archive of Our Own mwaka 2009. Mtungaji aliweza kumaliza hadithi usiku wa manane ikasomwa nchi za mbali kabla ya mapambazuko. Mashabiki wenyewe walijitahidi kuziba pengo: walijitolea kusomeana kazi, wakaitwa wasomaji wa beta, jina lililoazimwa kwa wajaribu wa programu za kompyuta. Desturi hiyo ilipoenea, kukosa msomaji wa namna hiyo kukawa jambo la kutajwa.

Pwani yetu haikuwa mgeni wa mambo haya. Takhmisi pia ni kazi ya mpenzi wa utungo wa mwenziwe: huchukua vipande viwili vya mtangulizi, akatanguliza vitatu vyake. Tena, watungaji wa tenzi za kale aghalabu walifunga kazi kwa kuomba radhi na kumsihi ajuaye asahihishe penye upungufu. Ombi lile lilimpa msomaji ruhusa na kazi pia, kwani tenzi zilinakiliwa kwa mkono, na mwenye kunakili aliweza kurekebisha neno lililopotoka.

Yasemwa kwamba kitu cha bure hakina masharti. Kweli, msomaji hatoi fedha. Lakini hutoa saa zake, nazo hazirudishwi. Ana haki ya kujua hali ya kitu anachokaribishwa. Hata hivyo, haifai kumwaibisha kijana asiye na rafiki wa kumsomea, wala anayeandika kwa lugha isiyo ya mama yake. Kwa hiyo wajibu huu na uwe wa adabu, usiwe wa sheria.

Kinyozi hajinyoi, na hakuna fedheha katika kusema hivyo. Lakini anayetangaza kuwa kazi yake haikuhaririwa, kisha akachukia kuonyeshwa kosa, ametumia tangazo kama ngao. Na aandike sentensi moja zaidi, kama walivyofanya wazee wa tenzi: aonaye kosa na anijulishe.