Shingo, Kibodi na Mikono ya Bibi: Historia Fupi ya Tiba ya Viungo

Leo siandiki kuhusu hifadhidata wala programu huria. Naandika kuhusu shingo. Mnaopita hapa mara kwa mara mtakumbuka kwamba mwaka jana nilipotea wiki sita. Wengine mlidhani nimepata kazi ng'ambo. Ukweli ni kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, hata kipanya nikashindwa kukishika, na mteja alikuwa akipiga simu kila asubuhi akidai mfumo wake.

Aliyeanza kunishughulikia ni bibi yangu. Aliniketisha mkekani, akapasha mafuta ya nazi, akanichua mabega. "Mume wangu, shingo hii imekuwa gogo. Unabeba nini huko kwenye hiyo mashine?" Nilicheka, lakini swali lake lilinifanya nianze kusoma historia. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie kwetu. Tazameni maneno tuliyo nayo: kukanda, kuchua, kusinga. Lugha haiweki maneno matatu kwa jambo lisilotumika. Mzazi hukandwa kwa maji moto ndani ya siku 40, bwana na bibi harusi husingwa, na aliyeteguka mguu huchuliwa. Wakubwa walijenga kabisa: mwaka 1850, kule Kidichi, Unguja, Sultani Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu ya mtindo wa kwao. Mtu wa kawaida hakuhitaji jengo. Mkeka na mafuta vilimtosha.

Wala haikuwa kazi ya kubahatisha. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba kuchua kwa nguvu hukaza mwili na kuchua polepole huulegeza. Yaani kila mkono una kazi yake.

Sasa sikilizeni hili, enyi wenzangu wa kibodi. Mwaka 1713 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alieleza maradhi ya makarani. Alitaja sababu tatu: kukaa kitako mchana kutwa, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazwa kwa hofu ya kukosea hesabu. Miaka zaidi ya 300 iliyopita! Ondoa kalamu ya unyoya, weka kibodi, na huyo karani ni mimi.

Huko Sweden, Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya mwili Stockholm mwaka 1813. Mwaka 1894, wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wakandaji waliosomea kazi hiyo. Sababu yao ilikuwa heshima: kulikuwa na nyumba zilizotumia jina la kukanda kuficha biashara nyingine, nao walitaka kuilinda kazi yao. Chama hicho ndicho leo kinachoitwa Chartered Society of Physiotherapy. Kwa hiyo mama wa fani hii ya kisasa ni kuchuana, kama alivyofanya bibi.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoikuza. Mwaka 1914 Waingereza waliunda kikosi cha wakandaji kwa ajili ya majeruhi wao. Mwaka huohuo, hapa Kilifi, Wagiriama walipambana na serikali ya kikoloni, na moja ya sababu ni kutakiwa watoe vijana wakawe wapagazi wa vita hivyo. Upande mmoja mabega yalikandwa, upande mwingine yalitwishwa mizigo. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta kwa muda.

Baadaye, mwaka 1929, daktari Mmarekani Edmund Jacobson alitoa kitabu kuhusu kulegeza misuli. Hoja yake ni kwamba mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli bila kujua. Njia yake: kaza kundi moja la misuli kwa makusudi, kisha liachie, mpaka mwili ujue tofauti.

Basi nikapanda matatu hadi Kilifi kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo. Siku hizi hii ni fani yenye sheria yake hapa Kenya, tangu mwaka 2014. Dada yule hakunigusa kwanza. Aliniuliza: "Kaka, unakaa saa ngapi bila kuinuka?" Nikasema tano, sita. "Na unalala?" Nikanyamaza. Alipima nguvu za mkono, akanichua kidogo, kisha akanipa kazi ya nyumbani: kuvuta kidevu nyuma, kupandisha mabega hadi masikioni kisha kuyaachia (Jacobson huyo!), na kuinuka kila nusu saa.

Nilimweleza habari ya bibi, nikitarajia amdharau. Akasema, "Mwambie aendelee. Lakini yeye hawezi kukufanyia mazoezi."

Hapo nikaelewa. Kuchuliwa ni kama kuzima na kuwasha kompyuta iliyoganda: itafanya kazi tena, lakini hitilafu bado imo. Hitilafu yangu ilikuwa kiti, saa sita bila kuinuka, na hofu ya simu ya asubuhi. Hiyo ya mwisho haina mafuta ya kuipaka. Nilimpigia mteja nikamwambia tarehe ya kweli ya kumaliza. Alikasirika, akaondoka. Mkono ulirudi. Nikipiga hesabu, sijala hasara.

Nanyi mkianza kufa ganzi au mkono kukosa nguvu, msingoje wiki sita kama mimi. Nendeni mkapimwe.

Bibi bado hajaamini habari za kidevu. Ila jana nilimkuta barazani akipandisha mabega na kuyaachia, akidhani hakuna anayemwona.

Karibuni kwa maoni. Lakini inukeni kwanza.