Hadhi Tatu za Mkimbizi Mmoja: Familia ya Zweig kati ya Ujerumani na Kenya, 1938–1947

Makala hii inachunguza safari ya familia ya Kiyahudi ya Zweig, kutoka mji wa Leobschütz, Silesia ya Juu, hadi Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba mkimbizi huyohuyo alipewa hadhi tofauti kulingana na utawala uliomkabili.

Walter Zweig alikuwa wakili. Kuanzia 1933, serikali ya Wanazi ilitunga sheria zilizowaondoa Wayahudi hatua kwa hatua katika taaluma hiyo, na Sheria za Nuremberg za 1935 ziliwanyima uraia kamili. Mwaka 1938 alihamia Kenya. Mkewe, Jettel, na binti yao Stefanie, aliyezaliwa 1932, walimfuata mwaka huohuo, kabla ya usiku wa Novemba 9 ambapo masinagogi yalichomwa kote Ujerumani. Miongoni mwa jamaa waliobaki wapo waliouawa.

Nchini Kenya elimu yake ya sheria haikumfaa kitu. Alifanya kazi ya kusimamia shamba. Vita vilipozuka Septemba 1939, serikali ya kikoloni ilimtia kizuizini kama raia wa nchi adui. Aliyeteswa Ujerumani kwa kuwa Myahudi alikamatwa Kenya kwa kuwa Mjerumani. Hata hivyo, baadaye alijiunga na jeshi la Uingereza.

Hadhi ya tatu ndiyo isiyotajwa sana. Katika koloni lile, Zweig alihesabiwa kuwa Mzungu. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa walowezi, ilhali mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande kila aendako. Kwa hiyo, aliyenyang'anywa haki kwa sababu ya nasaba yake alipata hifadhi katika ardhi ambayo wenyeji wake walinyang'anywa haki kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 1947 familia ilirejea Ujerumani, na Walter akawa hakimu Frankfurt. Kwa Stefanie, aliyekulia Kenya akizungumza Kiswahili, kurejea huko kulikuwa kung'olewa upya. Riwaya yake *Nirgendwo in Afrika* ilitoka 1995, na filamu iliyotokana nayo ilishinda Tuzo ya Oscar mwaka 2003. Mtafiti anapaswa kuisoma kama kumbukumbu ya utotoni iliyoandikwa takriban nusu karne baadaye. Inaeleza vizuri upendo wa mtoto kwa nchi iliyompokea. Masharti ya mapokezi hayo yatafutwe pia katika sheria za koloni.